Nyumba iliyofunikwa gubigubi ikaanza kutoa jasho

Ikiwa umewahi kulala Kariandusi mwezi wa Julai, huna haja ya kuelezwa baridi ni nini. Mchana jua huwaka hadi mtu akavua sweta na kulifunga kiunoni. Lakini likishazama upande wa Mau, ng'ambo ya Ziwa Elementaita, upepo huanza kuteremka kutoka Gilgil, na kabla ya alfajiri kipimajoto huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Asubuhi utawaona watoto wa shule wakitembea kando ya barabara, viganja wamevificha ndani ya mikono ya sweta, pumzi zikiwatoka kama moshi.

Pumzi hizo uzikumbuke, maana habari yetu ya leo imo ndani yake.

Kaka yangu na mkewe walipojenga nyumba yao huko miaka minne iliyopita, waliapa kwamba hawatatetemeka tena maishani. Walikuwa wamepanga nyumba ya mabati kwa miaka mingi na baridi waliijua kwa jina na ukoo. Wakajenga kwa mawe ya kuchonga ya Bonde la Ufa, yale ya majivu ya volkano yaliyogeuka mwamba. Kisha, upande wa ndani, fundi akapigilia fito za mbao ukutani, akajaza katikati povu nyeupe nyepesi, ile ambayo huzungushiwa televisheni mpya ndani ya boksi, na juu yake akaweka mbao za jipsamu na kupaka rangi. Madirisha yakawa ya alumini yenye mpira pembeni, ukiyafunga husikii hata lori likipanda mlima. Zikabaki zile tundu za hewa ambazo mafundi wetu wamezoea kuziacha juu ya dirisha. Fundi akauliza, "Hizi tuziache, mzee?" Kaka akamjibu, "Ziba zote. Sijengei upepo nyumba."

Mwaka wa kwanza tulimsifu. Nililala kwake Julai kwa blanketi moja, nami si mtu wa kulala kwa blanketi moja. Niliporudi Nairobi niliwasimulia wenzangu ofisini kwamba ndugu yangu amevumbua dawa ya baridi bila kununua hita wala kulipa bili ya stima.

Mwaka wa pili shemeji alianza kusikia harufu, kama ya gunia la viazi lililosahauliwa stoo. Alifua mapazia, akaanika magodoro, akamshuku hata paka. Siku moja aliposogeza kabati la nguo katika chumba cha watoto alipigwa na butwaa. Ukuta wote wa nyuma ulikuwa na madoa meusi, kana kwamba mtu amemwaga pilipili manga na kuisambaza kwa kiganja. Ilikuwa kuvu. Na kitinda mimba wao, ambaye kitanda chake kiliegemea ukuta huohuo, alikuwa na majuma sita anakohoa usiku na kifua kinapiga mluzi. Walikuwa wamempeleka kliniki mara tatu. Mara ya tatu ndipo daktari akawauliza swali ambalo hawakulitarajia: chumba anacholala kikoje?

Fundi aliyeijenga nyumba akaitwa. Alitazama ukuta, akatikisa kichwa, akasema maji yanatoka nje. Wakachimba mtaro kuizunguka nyumba. Kisha wakauziwa rangi ya nje isiyopitisha maji, madebe kwa madebe, na karo ya muhula mzima ikaingia humo. Ndani wakasugua madoa na kupaka rangi ya mafuta juu yake. Mwaka wa tatu madoa yalirudi na jamaa zake.

Hapo ndipo alipoletwa fundi mwashi mmoja mzee kutoka Gilgil. Mzee huyo hakwenda moja kwa moja ukutani kama wenzake. Aliketi, akapewa chai, akaanza kumhoji shemeji kama daktari.

"Mama, hapa mnapikia nini?"

"Gesi, mzee."

"Na mvua ikinyesha nguo za watoto mnaanika wapi?"

"Humu humu sebuleni. Nitazianika wapi tena?"

"Na usiku mnafungua dirisha?"

"Baridi hii, mzee?"

Mzee akacheka hadi chai ikamwagika kidogo. Kisha akaomba kipande cha karatasi ya nailoni na gundi ya utepe. Akakibandika ukutani mahali palipokuwa pamekauka, akakaza pembe zote nne, akasema atarudi baada ya siku mbili. Akawaeleza hivi: maji yakiwa yanatoka ndani ya ukuta, karatasi italowa upande wa nyuma, ule unaogusa ukuta. Yakiwa yanatoka chumbani, italowa upande wa mbele. Msomaji, jaribio hili halina gharama na hata mwanafunzi wa darasa la saba aweza kulifanya.

Siku ya tatu asubuhi karatasi ilikuwa na matone upande wa mbele. Nyuma ilikuwa kavu kabisa. Mtaro ulichimbwa bure, na madebe ya rangi yalinunuliwa bure.

Maji hayo yalitoka wapi, basi? Chukua chupa ya soda kutoka kwenye friji uiweke mezani. Baada ya dakika chache imelowa nje. Soda haijavuja. Hewa ya chumbani ina maji ndani yake, yaani mvuke usioonekana, na hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa baridi. Meta moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 huweza kubeba kiasi cha gramu 17 za maji. Ipoeze hadi nyuzi 10 na haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 hivi. Zile nyingine lazima izitue mahali, nayo huzitua kwenye kitu baridi kilicho karibu: chupa, kioo cha dirisha, ukuta. Ndio umande uleule wa majanini, ila huu umeingia nyumbani.

Tena mvuke wenyewe tunautengeneza sisi. Watu wanne wakilala usiku kucha katika nyumba iliyofungwa hutoa kwa pumzi na ngozi zao karibu lita moja ya maji. Gesi nayo, ingawa moto wake ni mkavu machoni, hutoa maji inapoungua: kila kilo ya gesi ya kupikia hutoa zaidi ya lita moja na nusu. Mtungi mdogo wa kilo 6 ukiisha, umemwaga hewani lita 9 na ushee. Niliposoma hesabu hiyo mara ya kwanza sikuamini, nikamwendea jirani yangu anayefundisha kemia, naye akanipigia hesabu nyuma ya bahasha. Ni kweli. Ongeza maharagwe yanayochemka saa mbili bila kifuniko, ongeza nguo za watoto watatu kwenye kamba ya sebuleni. Katika nyumba ya zamani yenye mianya kila pembe, mvuke huo ungetoka nje na mwenye nyumba asijue. Katika nyumba ya kaka ulikosa mlango.

Nawe huenda unauliza: mbona nyumba ilikuwa na joto, na kuta zikapata wapi ubaridi? Hapa ndipo penye siri yenyewe. Povu ile iliwaishia kabla ya kumaliza chumba cha watoto. Ukuta wa kusini, ulio nyuma ya kabati, ulibaki jiwe na plasta tu. Mwezi wa Julai jua hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta wa kusini haulioni siku nzima. Ukawa ndio mahali baridi kuliko pote katika nyumba iliyojaa mvuke, na kabati likauzibia hata ile hewa kidogo ambayo ingeupapasa.

Kuta nyingine, zile zilizovishwa povu, juu juu zilikuwa safi. Lakini harufu haikuwa imekwisha. Mzee akaomba ruhusa ya kung'oa ubao mmoja wa jipsamu. Shemeji anasema alitamani asingekuwapo. Nyuma ya povu jiwe lilikuwa linang'aa kwa maji, na zile fito za mbao zilichimbika kwa kucha. Povu ilikuwa imelizuia joto la chumba lisifike kwenye jiwe, na hiyo ndiyo kazi iliyonunuliwa kuifanya. Kwa hiyo jiwe likawa baridi zaidi kuliko lilivyokuwa kabla ya kuvishwa. Mvuke nao ukapenya kwenye viungo vya mbao na tundu za soketi za stima, ukalikuta jiwe hilo, ukageuka maji gizani mahali ambapo hakuna jicho lingeona. Na kwa kuwa nje kulikuwa kumepakwa rangi isiyopitisha maji, jiwe halikuweza hata kukaukia upande wa jua. Ile rangi, badala ya kuwa dawa, ndiyo iliyomaliza mgonjwa.

Nilipokwenda kuwaona, kaka hakutaka mazungumzo ya ukuta. Tukateremka kutembea hadi kwenye jumba la makumbusho la Kariandusi, pale ambapo Louis Leakey alipata mwaka wa 1928 zana za mawe za watu wa kale, shoka za mkono zilizochongwa kwa jiwe jeusi la kioo cha volkano. Karibu na hapo kuna korongo la machimbo, kuta zake nyeupe kama unga wa ngano. Jiwe hilo jeupe ni dayatomaiti, nalo limekuwa likichimbwa tangu miaka ya 1940. Hapo zamani palikuwa chini ya ziwa, na viumbe vidogo vya majini visivyoonekana kwa macho vilipokufa viliacha magamba yao ya kioo yakarundikana tabaka juu ya tabaka.

Niliokota kipande. Ni chepesi ajabu, maana sehemu kubwa yake ni vitundu vyenye hewa, na hewa iliyotulia ndiyo kihami joto bora. Kwa sababu hiyo dayatomaiti hutumiwa kutengeneza matofali ya kuzungushia tanuri za viwandani. Lakini ukikigusisha ulimi kinakunasa, kwa jinsi kinavyofyonza maji. Nilikidumbukiza katika glasi. Kwanza kilielea, kikapumua viputo, halafu kikazama. Na hapo ndipo kilipokoma kuwa kihami joto, kwa sababu maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Jiwe la nyumba ya kaka ni la ukoo mwingine, lakini lina vitundu vilevile na tabia ileile: ukuta mkavu unakukinga baridi, ukuta uliolowa unakuletea. Alikuwa amelipa ili apate joto, na kwa kuulowesha ukuta akawa anaipoteza fedha hiyo kila usiku.

Wajapani, kwa njia, hupaka dayatomaiti ukutani kama plasta kwa makusudi, ili inywe unyevu chumbani hewa ikiwa nzito na kuuachia ikiwa kavu. Sisi tunayo chini ya miguu na tunapaka rangi ya mafuta.

Wala kaka yangu asijione mjinga peke yake. Bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka wa 1973, nchi za baridi zilianza kujenga nyumba zinazobana joto. Huko Regina, Kanada, mwaka wa 1977 ilijengwa nyumba ya mfano yenye kuta nene mno, lakini wajenzi wake waliiwekea mtambo wa kuvuta hewa chafu nje na kuingiza safi, huku joto la ile inayotoka likiipasha ile inayoingia. Huko Darmstadt, Ujerumani, nyumba za namna hiyo zilikamilishwa mwaka wa 1991 zikawa kielelezo kwa ulimwengu. Wale waliiga unene wa kuta na kukumbuka hewa. Wengine walisahau. Katika jimbo la British Columbia, hukohuko Kanada, majumba mengi ya fleti yaliyojengwa miaka ya 1980 na 1990 yalioza kuta. Mvua ilipenya kwenye viungo vibovu na kuta zilizofungwa barabara hazikuweza kukauka. Serikali ya jimbo iliunda tume iliyotoa ripoti mwaka wa 1998, na watu walikuwa wamekwisha kupoteza akiba za maisha yao.

Lililoniumiza zaidi ni la Uingereza. Mwezi wa Desemba 2020, katika mji wa Rochdale, mtoto wa miaka miwili wa wazazi kutoka Sudan alifariki. Mwezi wa Novemba 2022 mahakama ya uchunguzi wa vifo ilitamka kwamba kilichomuua ni kuvu ya nyumba waliyopangishwa. Wazazi walikuwa wamelalamika kwa miaka, na walichoambiwa ni kupaka rangi juu yake. Sheria ikabadilishwa kwa ajili yake. Shemeji nilipomsomea habari hiyo alinyamaza muda mrefu, kisha akaenda kuhamisha kitanda cha mtoto.

Sasa usichukue fomula ya Kanada ukaileta Kenya nzima kama ilivyo. Kule, karatasi ya plastiki ya kuzuia mvuke huwekwa upande wa ndani wa ukuta, kwa sababu joto na mvuke viko ndani na baridi iko nje. Mombasa yenye mitambo ya kupoza hewa mambo ni kinyume: mvuke uko nje na baridi iko ndani. Jamaa zetu walioko Maskati na Dubai watakwambia kwamba wakati wa joto kioo cha dirisha hulowa upande wa nje. Karatasi iliyowekwa ndani huko itanasa maji katikati ya ukuta. Wazee wa Lamu na Unguja walilimaliza jambo hili kwa mawe ya matumbawe na plasta ya chokaa, ambayo hulowa na kukauka bila ugomvi. Matatizo ya kuta hizo aghalabu huanza pale fundi wa leo anapozipiga saruji ngumu, chumvi na maji vikakosa pa kutokea.

Na hizi paneli za povu katikati na zege pande zote mbili, ambazo Shirika la Nyumba la Taifa lina kiwanda chake kule Mavoko? Sina ugomvi nazo. Povu yake iko katikati ya ukuta, imebanwa na zege, haikuachwa na uwazi nyuma yake. Lakini nazo, ukizifungia madirisha ya mpira bila tundu za hewa, mvuke utatafuta kioo na pembe za dari.

Kwa maoni yangu, mtu wa Nakuru, Gilgil au Molo mwenye fedha kidogo ya kununulia joto aanze na paa. Bati usiku hupoa kuliko hata hewa yenyewe, ndiyo maana asubuhi linadondosha matone. Weka dari, weka kihami juu ya dari, na uache upepo upite kati ya kihami na bati. Ukuta ukitaka kuuvisha, uvishe kwa nje ili jiwe libaki upande wa joto. Ni ghali zaidi, nakubali.

Wewe uliye katika chumba kimoja Kariobangi au Kaptembwo, unapika, unalala na kuanika humo humo, yako ni magumu kuliko ya kaka. Funika sufuria. Fungua dirisha unapopika hata kama nusu. Asubuhi na jioni fungua mlango na dirisha kwa dakika kumi upepo ukate chumba. Hewa hubadilika upesi lakini kuta hazijapoteza joto lake. Sogeza kabati na kitanda kiasi cha kiganja kutoka ukutani. Kuvu isugue kwa maji ya sabuni ukiwa umejifunga kitambaa puani, ukaushe ukuta ndipo uwaze habari ya rangi.

Na jiko la makaa usilete ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama baridi inauma namna gani. Makaa hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na kila msimu wa baridi tunasoma gazetini habari za watu waliolala na jiko wasiamke. Tundu zilezile zinazotoa mvuke ndizo zinazoitoa sumu hiyo, na hata zikiwa wazi, jiko lisilale na watu.

Huko Kariandusi, mbao zote za jipsamu zimetolewa. Povu imehamishiwa juu ya dari. Ukuta wa kusini umekwanguliwa rangi nje na ndani na kupigwa chokaa, kazi ya majuma matatu iliyomtoa kaka jasho na mkopo wa chama. Tundu za juu ya madirisha zimezibuliwa zote, na jikoni kuna feni ndogo ya kutoa mvuke. Kitinda mimba hajarudishwa kliniki kwa ajili ya kifua tangu Agosti, ingawa mama yake bado huamka usiku kumsikiliza akipumua. Alinunuliwa kipimo kidogo cha unyevu wa hewa, na kila asubuhi kabla ya uji hukisoma kwa sauti: sitini na mbili, hamsini na nane. Ikipita sabini anakimbilia madirisha mwenyewe.

Kaka yeye huketi sebuleni amevaa koti, amekunja mikono, anazitazama zile tundu za hewa kama mtu anayemtazama mgeni asiyemwalika.